Shikilia, Usiniachie

Jumatatu, 6 Aprili 1981

Gachanja amenitumia mtu tena. Gachanja ndiye mwenye ploti ya Gatina, kule Kawangware, alikopanga Awiti, mke mdogo. Ati ikifika Pasaka gari la marehemu mume wetu liwe limetoka, ama aite watu wa vyuma kutoka Gikomba waje walikatekate. Anataka kujenga vyumba vingine pale. Yawa! Udongo wa kaburi la Nashon haujakauka na mtu tayari anapanga vyumba!

Nikafunga kibanda cha samaki, nikatoka Gatwekera, huku Kibera, kwa miguu mpaka Gatina. Matope mpaka vifundoni. Njia nzima natukana — Gachanja, Awiti, na Nashon mwenyewe. Nashon zaidi.

Kwani gari lenyewe ni gani? La mashindano, la Mwingereza, la zamani, kijani, limelala chini hata mbuzi anaweza kulichungulia kutoka juu. Bosi wa Nashon alipofunga gereji akarudi kwao, alimwachia. Viti viwili! Mwanaume ana wake wawili anashangilia gari la viti viwili. Mmoja akipanda, mwingine abaki mlangoni akipunga mkono kama mjinga.

Nimelikuta kando ya choo, limefunikwa turubai. Awiti mlangoni pake, mikono kiunoni. Hakunisalimia. Mimi pia sikumsalimia. Mke mdogo anatakiwa kuniita Mikayi, mke mkubwa, ndivyo kwetu. Yeye ananiita "wewe".

Nikaingia garini, nikakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka sakafuni, laini, bila kushika kitu. Upepo. Mafuta ya breki yamepungua, upepo umeingia kwa mapaipu. Hilo silihitaji fundi. Miaka yote nilikuwa mimi kwa hicho kiti nakanyaga, Nashon chini anafungua na spana. "Mguu ninaouamini ni wako tu, Nereah." Maneno yake. Na hili gari ni langu — hilo pia alilisema, mbele ya jiko langu, mdomo umejaa ugali.

Sasa lango la Gachanja linatazama ule mteremko wa kushuka mtoni. Hakuna njia nyingine ya kutoka. Bila breki unaenda kuogelea. Handbreki ilikatika kebo zamani. Gia nayo haikai, ukiizima injini inaruka yenyewe. Ndiyo maana Nashon alikuwa na jiwe nyuma ya kiti. Akisimama mlimani, jiwe kwanza chini ya gurudumu, halafu ndiyo salamu. Jiwe lenyewe sasa Awiti amelifanya la kuzuia mlango wake usipigwe na upepo.

Jiwe la gari langu!


Jumanne, 7 Aprili

Samaki leo ilikuwa nyingi, siwezi kwenda Gatina. Nimemtuma Mutunga, yule Mkamba wa makaa, yeye hupeleka mkokoteni Kawangware. Nimemwambia: mwambie Awiti gari lina upepo, asiliguse, asimruhusu mtu aliguse, nitakuja Jumamosi. Nikarudia tena. Akasema, mama, nimesikia, mimi si kiziwi.


Alhamisi, 9 Aprili

Nimeenda Grogan kutafuta vitu vya breki. Wale watu wa maspea! Mwanamke akiuliza kitu cha gari wanaangalia nyuma yake kama kuna mume. Mmoja aliniuliza, mama, umetumwa na nani? Nikamwambia nimetumwa na mguu wangu. Akaenda kuleta maspea.

Nimepata paipu za raba mpya, zote nne. Zile za zamani Nashon alikuwa anazifunga na waya na maneno matamu. Nimechukua pia raba ndogo za ndani ya silinda, seti nzima, na lainingi mpya, zile za kubana gurudumu. Nashon alitaka breki za kusimamisha tu. Mimi nataka za kusimamisha nikiwa na hasira.

Awiti asiambiwe nimenunua. Atasema ni za nyumba yake.


Jumamosi, 11 Aprili

Nikiandika vibaya, nimeandika vibaya.

Nimefika Gatina nikakuta gari limevalishwa kitambaa cheupe kwa bonati. Msalaba wa chaki kwa kila mlango. Unga umemwagwa karibu na magurudumu. Nikauliza, ni nini hii? Awiti akaniangalia kama mimi ndiye mwenda wazimu.

"Si wewe ulituma neno? Ati gari lina pepo. Ati lisiguswe."

PEPO!

Mutunga! Upepo nilisema mimi! Upepo! Huyu alikula ile herufi njiani pamoja na mahindi yake ya kuchoma. Na Awiti alilala macho, anasema, akifikiri nimemwambia roho ya Nashon imekaa kwa kiti, au kwamba yeye ndiye ameliroga gari. Asubuhi ya Jumatano akaita mama wa maombi wa kanisa lake na kikundi chote, na ngoma. Gachanja mwenyewe alisimama pale na kofia mkononi akisema amina.

Nikasema, sawa, maombi hayavunji gari. Nifungue nitoe upepo wangu.

Nikafungua kile kikopo cha mafuta ya breki. Kikanuka chapati.

Walipaka mafuta ya upako. Si kwa bonati. Ndani! Mama wa maombi aliuliza, hili gari linapakwa wapi? Na Awiti — Awiti mwenyewe, na mkono wake — akamfunulia kifuniko. Wakamimina chupa nzima. Halafu mmoja akaingia akakanyaga-kanyaga pedali huku wanaimba, ndiyo yashuke vizuri mpaka magurudumuni. Mafuta ya kupikia! Kwa raba!

Nilipiga kelele mpaka watoto wa ploti wakaja kuchungulia. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Yeye akaingia ndani akatoka na chupa. Chupa nyingine ya mafuta ya kupikia, karatasi ya jina bado iko juu yake, na ndani maji maji ya rangi ya chai hafifu. Nikanusa. Mafuta ya breki. Nashon aliyaweka humo.

"Alikuwa anamimina kutoka kwa hii," akasema. "Kila mara. Mimi nilimwona. Chupa ni hii, mafuta ni mafuta. Sasa wewe unanitukana mimi au unamtukana yeye?"

Alichosema ni kweli. Hiyo ndiyo imenichoma kuliko mafuta yenyewe. Nashon, wewe! Hata kufa umekufa ovyo.


Jumapili, 12 Aprili

Sikwenda kanisani. Kama Mungu ana neno na mimi, anajua Gatwekera ni wapi.

Mutunga amekuja kuomba msamaha. Ati, "Upepo, pepo, mama, si yote hayaonekani?" Nimemfukuza na mwiko.


Jumatatu, 13 Aprili

Nimefungua silinda zote, kuanzia ile kubwa ya kwa pedali. Raba zimevimba kama maharagwe yaliyolala kwa maji. Hazitoki. Nimezitoa na kisu cha samaki. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshika kabisa, hata Gachanja alipolisukuma gari halikutingishika, na Gachanja ana mwili.

Mapaipu ya chuma nimeyaosha na spiriti — ile ya taa, ya zambarau. Awiti akaniuliza kutoka mlangoni namwagia nini. Nikamwambia spiriti.

"Kwa hivyo wewe unaweza kutia spirit, na watu wa kanisa langu hawawezi."

Nikacheka. Nimekasirika sana kwamba nilicheka. Niliinama chini ya gurudumu asinione.

Gachanja amepita mara mbili. Mara ya kwanza kusema mawe ya ujenzi yanakuja wiki hii. Mara ya pili kusema mwanamke hafai kulala chini ya gari, watu wa ploti wanaona. Nikamwambia watu wa ploti wafunge macho, choo chako pia wanakiona na hawajafa. Ameenda akisema mambo kwa Kikikuyu. Nayajua machache. Yale nimeyajua hayakuwa baraka.

Raba mpya ndani. Paipu mpya zote. Lainingi mpya nimezipigisha ribiti kwa fundi wa Riruta, ndiyo kitu pekee sikufanya mwenyewe. Nashon hangelitambua hili gari. Liko vizuri kuliko alivyoliacha, na sijui namwambia nani.


Jumatano, 15 Aprili

Leo kutoa upepo. Kazi ya watu wawili. Hapo ndipo shida.

Mmoja juu anakanyaga. Mmoja chini anafungua kile kinati kidogo nyuma ya gurudumu, upepo unatoka na mafuta kupitia mpira wa dripu mpaka kwa chupa ya soda, halafu anafunga. Wa juu asiachie kabla wa chini hajafunga. Akiachia, gari linavuta upepo tena, mnaanza upya. Ni hivyo tu. Lakini inataka mtu anayekusikia.

Nilimwomba mpangaji mmoja. Mlevi. Nikamwomba mwingine. Ati yeye hakai kwa gari la pepo.

Awiti akaja mwenyewe. Hakusema nisaidie wala nikusaidie. Akafunga leso vizuri akasimama. Nikamwambia ingia kwa kiti ukanyage. Nikaenda chini. Nikasema kanyaga — akakanyaga. Nikafungua — akaachia! Nikapiga kelele. Tena — akaachia. Mguu hauna akili kabisa.

"Mimi sijui huko juu," akasema. "Mimi najua chini."

Nikatoka chini ya gari. Unajua chini vipi? Nani alikupeleka chini?

Akaniangalia na yale macho yake makavu. Akasema Nashon alikuwa na kifua kibaya tangu zamani, kulala kwa simiti ya baridi kulimfanya akohoe usiku kucha. Kwa hivyo hapa Gatina yeye ndiye alikuwa analala chini na spana. Nashon juu. Alimwambia mikono anayoiamini ni yake tu.

Kifua kibaya! Kwangu Kibera alilala kwa matope, akaimba!

Sikumpa furaha ya kuniona nimeumia. Nikaingia kwa kiti, yeye akaingia chini. Na ni kweli. Anajua. Spana inakaa mara moja, hatafuti. Tukaanza na gurudumu la mbali, kama inavyotakiwa. Hatuoni nyuso, hiyo ilisaidia. Sauti tu kutoka chini.

Kanyaga. Nimekanyaga. Funga. Achia. Kanyaga.

Tulienda vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Magurudumu matatu, pedali inapanda, inakuwa ngumu. Nikasahau hata ni nani yuko chini. Gurudumu la mwisho, lile la upande wangu. Akasema kanyaga. Nikakanyaga. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayesema na mtoto:

"Shikilia. Usiniachie."

Ile sauti. Yale maneno. Nashon alikuwa ananiambia hivyo, kutoka chini, kila mara, gurudumu la mwisho tu. Na si kwa gari peke yake. Hata hospitali, ile siku ya mwisho, mkono wangu kwa mkono wake, alisema hivyo. Nilifikiri hayo maneno yana mwenyewe mmoja. Nilifikiri hata kama Awiti ameniibia kila kitu, hayo yamebaki kwangu.

Mguu uliachia. Sikuuambia. Uliachia tu.

Nikasikia ile sauti mbaya, gari likivuta upepo. Mafuta yakamrukia Awiti usoni. Akatoka chini kama nyoka, amefura, jicho moja limefungwa. Akaniita mchawi. Akasema nimefanya makusudi. Nikamwambia ndiyo, makusudi! Afadhali afikiri hivyo. Afadhali anichukie kwa uovu kuliko anionee huruma.

Nimetembea mpaka Kibera bila kuona njia. Nimelia karibu na daraja. Sasa nimeandika, imetosha.


Alhamisi, 16 Aprili

Nimerudi. Jicho lake limekuwa jekundu. Sikumpa pole. Nilimletea samaki wa kukaanga kwa gazeti, nikaweka juu ya bonati. Akala mpaka mifupa.

Kazi upya, magurudumu yote. Safari hii gurudumu la mwisho alisema tu, "Shika." Kavu. Sijui alijuaje. Sijui kama alijua.

Pedali sasa ni ngumu kama jiwe. Ukiikanyaga inasimama katikati na hapo hapo inakaa. Nilikaa nikaikanyaga, nikaikanyaga tena, kwa raha tu.

Halafu akauliza Jumamosi gari linaenda wapi. Nikamwambia Makina, kule Kibera, nimepata uwanja wa kuliweka. Akasema hapana, linaenda Riruta kwa kaka yake, huko kuna geti. Nikamwambia gari ni langu, Nashon alisema. Akasema gari ni lake, Nashon alisema. Tukaangaliana. Nikasema, aki ningekuwa na mbawa ningemfuata Nashon huko aliko nimchape.

Awiti akasema, na mimi ningekushikia kiatu.

Lakini gari hakuliacha. Wala mimi.


Jumamosi, 18 Aprili

Naandika ndani ya gari. Kitabu kiko juu ya usukani. Herufi zimepinda kwa sababu gari limepinda, na mimi nimepinda pamoja nalo.

Asubuhi lori la mawe la Gachanja lilikuwa limeshafika, linapiga honi. Tukalitoa gari langoni, mimi kwa usukani, Awiti kiti cha pili, jiwe la Nashon miguuni pake. Alilileta mwenyewe bila kuambiwa. Viti viwili, wake wawili. Hatimaye limetosha! Gachanja akafunga lango nyuma yetu na kufuli, kama mtu aliyetoa takataka.

Tulikubaliana jambo moja tu: kushuka kidogo, kusimama katikati ya mteremko, tuangalie kama kuna paipu inavuja kabla ya kwenda mpaka chini. Nikashuka. Nikakanyaga. Limesimama! Bila kuyumba, bila kelele, hata Awiti alisema "Eh!" Watu wa vibanda walisimama kuangalia. Nikazima injini. Gia ikaruka, kama kawaida yake. Nikamwambia shuka uweke jiwe.

Akashuka na jiwe. Akaenda mbele. Nikangoja alisukume chini ya gurudumu, aseme tayari.

Hakuliweka chini ya gurudumu. Aliliweka katikati ya barabara, mbele ya bampa, karibu sana, ningeweza kumgusa. Akakunja leso. Akalikalia. Amenipa mgongo.

Nikamwambia, wewe, una wazimu? Ondoka hapo!

Bila kugeuka akasema, "Chini kuna njia panda. Kushoto Riruta, kulia Kibera. Sema unakata wapi. Sema watu wasikie."

Nikamwambia weka jiwe kwanza, ndiyo tuzungumze.

"Jiwe ninalo. Zungumza."

Ati Nashon alisema jiwe kwanza, salamu baadaye. Nikamkumbusha. Akasema Nashon alisema mambo mengi.

Gachanja yuko kwa ukuta wake, anacheka na dereva wa lori. Watu wamekuwa wengi. Mmoja amesema, si ni lile gari la pepo? Hakuna hata mmoja anayeleta jiwe lingine. Nimewaita. Wanaangaliana. Hawataki kuligusa.

Kwa hivyo nimetoa kitabu, ndiyo ajue mimi sina haraka. Mguu wa kulia kwa pedali. Pedali haijazama hata kidogo. Zile ni raba zangu, na spana ni ya kwake. Hakuna tone chini, lingekuwepo angesema. Breki ni nzuri kabisa na hiyo ndiyo inaniudhi, kwa sababu angekuwa anaogopa angeinuka. Hajainuka. Mgongo wake umetulia. Naona mishipa ya shingo, naona pale nywele zimeanza kuota tangu tulipozinyoa kwa msiba. Zangu ziko hivyo hivyo.

Nimemwambia, Awiti, mguu unachoka.

Ni mara ya kwanza nimemwita jina.

Amegeuza uso kidogo, lile jicho jekundu. Nimefikiri atainuka. Akasema, polepole:

"Shikilia, Mikayi. Usiniachie."

Halafu akageukia mto tena. Sijui ni matusi. Sijui ni nini. Mvua imeanza, matone makubwa, turubai halina kazi, karatasi inaloa. Watu wanakimbilia vibandani. Yeye hasogei. Mguu umekufa ganzi mpaka kwa nyonga, unatetemeka, siuamini tena. Nimeweka wa kushoto juu yake.